Vitufe Vilivyolala

Mfasiri alifumba macho, akaweka vidole juu ya laptopu nyembamba inayong'aa pale dukani. Miaka yote alifanya kazi bila kutazama vitufe: macho kwenye kitabu cha watu, vidole vikijiendea vyenyewe.

Hakuhisi kitu.

"Vitufe vimelala mno," alimwambia mumewe. "Kama ile yangu ya nyumbani tangu iharibike."

Mumewe akacheka. "Uzuri wa mkakasi huo, mke wangu. Jaribu hii ya watu wa kazi."

Muuzaji akamsogezea nyingine, nyeusi, isiyo na urembo wowote. "Hii hata ikianguka inaamka, mama. Na vitufe vyake vinapanda na kushuka, utavihisi hata ukisinzia."

Akafumba macho tena, akaandika. Masikioni vitufe vililia ta-ta-ta, kama mvua juu ya bati. Vidoleni, kimya. Akabonyeza kwa nguvu hadi kucha zikageuka nyeupe. Kimya.

Alipofumbua macho, kioo kilikuwa kimejaa herufi zisizo za lugha yoyote duniani.

"Umeona tofauti?" mumewe aliuliza, pochi tayari mkononi.

Aliinua mkono, akampapasa mumewe shavuni, palipochipua zile ndevu ngumu alizokuwa akizilalamikia kila asubuhi kwamba zinamchoma. Akapapasa tena, polepole, mpaka kidevuni, akizitafuta.

"We mama, watu wanatuangalia," mumewe alinong'ona, akitabasamu kwa haya. "Haya, sema. Tuchukue ipi?"

"Yoyote," alisema, mkono bado uko shavuni.