Utoto wa Kupewa

Kila mwanafunzi wa kigeni aliyefika Ufini alipandikizwa kumbukumbu za utoto za mwenyeji mmoja, ili asijione mpweke. Wakesho, binti kutoka Taita, aliamka akijua kuteleza kwenye barafu, na mkate mweusi ukamkumbusha nyumbani. Akampigia mama yake simu kwa furaha.

"Mama, yule mbwa wetu mweupe tulimzika wapi?"

"Mbwa gani, mwanangu? Hatujawahi kufuga mbwa."

Wakesho akacheka.

"Lakini siku ile uliposombwa na mto nikakuokoa, si unaikumbuka?" mama yake akauliza.

Wakesho aliutafuta mto huo kichwani mwake, huku na huku, akaona barafu tupu.

"Naikumbuka, Mama," akasema. "Hebu nisimulie tena, tangu mwanzo."