Bustani ya Mkaza Mwana

Masanduku manne yalikuwa yamepangwa barazani tangu asubuhi, na Bi Mkasi aliyapita kama mtu apitaye takataka zinazosubiri gari la taka. Mkaza mwana wake aliingia nyumba hii na begi moja. Leo anatoka na masanduku manne! Kupe kashiba.

Jina la Bi Mkasi alipewa na majirani kwa sababu mbili. Alishona sare za shule maisha yake yote, na ulimi wake ulikata hata pasipo kitambaa.

"Mama, njoo huku nyuma kidogo," mkaza mwana aliita. "Nikuonyeshe kabla gari halijafika."

Akafuata akijivuta, midomo ameibinua. Eti bustani! Palipokuwa na ukoka ulionyooka kama pindo la suruali, msichana huyu alileta msitu. Mmea mmoja unatambaa ukutani, mwingine unaning'iniza viazi hewani kama popo. Wanawake wenzake hupanda, wakavuna, wakapanda tena. Huyu alipanda mara moja, akakunja mikono. Mvivu mpaka kwa udongo.

"Huu mti ni wa mboga," mkaza mwana alisema, ameshika tawi. "Lakini usile majani yake mabichi, mama, yana sumu. Yachemshe kwanza mpaka yaive kabisa. Ukikata, unachipua wenyewe."

"Mimi nichemshe miti? Kwani mbuzi wamekwisha duniani?"

"Mboga hii ya nderema nimeipandisha ukutani ili uchume umesimama, magoti yasikusumbue. Na mlonge nimeukata kilele, uufikie kwa mkono."

Bi Mkasi alichekea puani. Kumbe kufukuzwa ndiyo dawa yake! Maji yamemfika shingoni, sasa anayakumbuka magoti ya mama mkwe. Kama mwanafunzi anayefuta ubao wa mwalimu baada ya kufeli.

Ijumaa iliyopita alimweka mwanawe kitako sebuleni. "Chagua," alimwambia. "Mimi niliyekuzaa, au huyo mla majani wako. Mafahali wawili hawakai zizi moja."

Mwanawe aliinamisha kichwa. Kisha akajibu kwa sauti ndogo, "Nimeshachagua, mama. Nyumba itabaki yako."

Usiku ule Bi Mkasi alilala fofofo. Kulipokucha, msichana akaanza kufunga mizigo bila hata kubishana. Angebishana na nini? Mtoto uliyemlea mwenyewe hakuangushi.

"Mama, unanisikia? Hivi viazi vya hewani havichimbwi. Vikidondoka, uviokote tu."

"Nikusikie ili iwe nini? Wewe toka hapo getini, mimi namwita mtu wa panga. Nafyeka mpaka mizizi."

Mkaza mwana aliliachia tawi. Machozi yalimlenga, na Bi Mkasi hakuona haya kuyafurahia.

"Angalau usifyeke mpaka mvua zinyeshe, mama. Uone kwanza. Hazitaki kazi yoyote mboga hizi."

"Nenda, mwanangu, nenda. Hapa hakuna atakayekulilia."

Honi ikalia nje. Mwanawe akatoka chumbani, akayabeba masanduku mwenyewe, moja baada ya jingine, jasho likimtiririka. Bi Mkasi alimtazama kwa fahari. Mwanamume mwingine angeyatupa barabarani. Wa kwake alikuwa na adabu, hata kwa mwanamke anayemrudisha kwao.

Mkaza mwana akapiga goti kumuaga. Bi Mkasi akatazama pembeni, kama aliyeitwa na mtu. Msichana akainuka, akajifuta uso, akaingia garini.

"Fanya haraka, baba," Bi Mkasi akamwambia mwanawe, akimnyooshea ukosi wa shati. "Chai isije ikapoa."

Mwanawe akatia mkono mfukoni. Akaushika mkono wa mama yake, akaukunjua taratibu, akauwekea funguo zake za nyumba.

"Tukifika tutakupigia simu, mama," akasema, kisha akaingia garini, akakaa kando ya mkewe, akafunga mlango.