Viatu Nyuma ya Kijiti

Siwema alisimama peke yake nyuma ya kijiti kisicho na picha. Ng'ambo ya uwanja, nyuma ya picha ya Rais, mji mzima ulikuwa umejipanga. Waliotaka Rais atawale maisha yake yote walisimama kule, wasiotaka huku. Kura ilikuwa ya mlolongo, mchana kweupe, kila mtu akimwona mwenzake.

"Shoga, utatuponza!" jirani yake Hidaya alimwita kutoka kule. "Njoo huku kivulini!"

"Nimeshasimama."

"Mtu mmoja atamzuia nani?"

Jua lilimchoma Siwema utosi, na mkuu wa wilaya, aliyengojwa kuja kuhesabu, hakuwa na dalili ya kufika. Koo lilipomkauka kabisa, alivua kandambili zake akaziacha nyuma ya kijiti zimshikie nafasi, kama wanawake wanavyoacha ndoo bombani, akaenda pekupeku kunywa maji. Alipita karibu na mstari wao. Hakuna aliyemsemesha. Hata Hidaya aligeuka, akajifanya anarekebisha mtandio.

Aliporudi, nyuma ya kandambili zake palikuwa na viatu vingine, vya kiume, vilivyolika visigino. Mwenyewe hakuwepo.

Siwema akavaa zake, akasimama. Kule kwenye mstari mrefu nyuso zote zilielekea kwenye picha, kama hazijui kitu.

Akaacha kutazama nyuso. Akaanza kutazama miguu.