Madoa ya Deodata

Leonsia alilowanisha ncha ya kitenge chake kwa mate, akamshika mkamwana wake kidevu, akamsugua shavu kama mtu anayeondoa masizi kwenye sufuria. Doa halikutoka.

"Ni mkorogo," alisema. "Sema umeuficha wapi."

Deodata, mimba ya miezi minane, alitulia asuguliwe. Kweli madoa yalikuwapo: makubwa mawili ya kahawia mashavuni, na jingine juu ya mdomo, limekaa kama masharubu. Lakini hakuwa amepaka chochote zaidi ya mafuta ya mgando. Leonsia hakutaka kusikia. Yeye alibeba mimba ya mwanawe Frednand akiwa na miaka kumi na minane, na uso wake, alidai, ulikuwa safi kama yai. Ukoo wao hapo Kanazi haujawahi kuoa mwanamke anayejichubua. Kopo la mkorogo lisipotolewa kabla ya Jumapili, Deodata atarudishwa kwao Runazi, akazalie huko.

Frednand, mume jasiri mbele ya watu wote isipokuwa mama yake, alikohoa, akaenda kuwakatia mbuzi majani. Deodata alilia. Alimpenda mkohoaji huyo, na alitaka mtoto wao wa kwanza azaliwe kwa baba yake.

Msako ukaanza. Leonsia alipekua chini ya godoro, akazamisha mkono kwenye unga wa muhogo, akamwaga gunia zima la maharage. Kila mara ilibidi aketi kitandani aheme, huku akiilaani gesi iliyomjaa tumboni tangu msimu wa kupanda. Mumewe, Alfonce, alikwisha kumkanda kwa maji ya moto mpaka mikono ikamchoka, na gesi haikushuka.

Kopo hakuliona. Alichoona ni mstari mweusi ulioshuka kutoka kitovuni kwa Deodata, akauliza kama hapo napo amejichora. Na huko kujikuna mchana kutwa ni kwa nini, kama si dawa inayomchoma? Leonsia mwenyewe alijikuna kwa gunzi, lakini hao walikuwa viroboto. Na kama uso wake siku hizi umeingia weusi, basi ni moshi wa jikoni.

Siku ya kliniki alifuatana naye, apate kusikia kwa masikio yake mwenyewe Deodata akikaripiwa na mtaalamu.

Nesi Tecla alimwamkia mama mkwe shikamoo, akapokea kadi ya ujauzito ya Deodata, akampima, akasikiliza mashtaka mpaka mwisho, kisha akacheka. Mimba ikikomaa, alieleza, ngozi nayo hubadilika: uso huota madoa, mstari hujitokeza tumboni, na ngozi ikivutika huwasha. Akishajifungua, mengi yatafifia yenyewe.

"Hakuna mkorogo hapa, Mama. Ni ujauzito tu."

Deodata aliona mzigo umemshuka. Runazi haendi tena. Akamgeukia mama mkwe wake, akisubiri walau neno moja la kumwomba radhi. Mkono wa Leonsia uliokuwa ukilikuna tumbo lake ulikuwa umesimama palepale, juu ya kitenge.

Tecla alimtazama uso, akautazama ule mkono, akatandika upya shuka la kitanda cha kupimia.

"Na kadi yako, Mama, umeiacha nyumbani?"