Ngazi ya Kwanza

Mama Ubao hakupokea simu. Binti yake alipiga tena, akaisikia ikiita na kuita, kisha ikakatika.

"Mnara wa kule utakuwa umezimika," alisema Mkuu wa zamu. "Usianze kujitia presha."

Presha alikuwa nayo tangu asubuhi. Dhoruba ya vuli ilikuwa haijapumzika tangu jana, na ofisi nzima ya tahadhari ya mafuriko ilikuwa watu watatu, simu za mezani, redio moja na ramani ukutani iliyoanza kuvimba kwa unyevu. Boti ya uokoaji nayo ilikuwa moja tu kwa mji mzima. Aliyepanga hivyo bila shaka anaishi mlimani.

Kule darajani ofisi ilimtegemea mama yake. Nyumba yake ya ghorofa ilitazamana na ubao wa kupimia mto, uliochorwa ngazi kumi kwa rangi: ya kwanza chini kabisa, ya kumi juu. Maji yakipita ya kumi, mto umevunja kingo. Mama huchungulia dirishani, akapiga simu, akataja ngazi. Halipwi chochote, ila jina la Mama Ubao, na hilo analiringia kweli kweli.

Tena ni mtu wa kuhesabu. Huhesabu vijiko akiosha, vifungo akishona. Kila asubuhi akitoka chumbani kushuka jikoni, huhesabu ngazi za nyumbani kwa sauti, moja, mbili, tatu, kana kwamba kuna iliyotoroka usiku. Binti alijifunzia namba hapo hapo, ameshikwa mkono.

Taarifa yake ya mwisho ilikuwa ngazi ya nane. Kisha kimya.

"Boti iende darajani," alisema binti.

Fundi wa redio alimtupia jicho. "Kwa wananchi, au kwa mama?"

Utani huo ulimchoma. Wiki nzima walikuwa wakimwita mtoto wa mama. "Kwa mtaa mzima," alijibu kwa ukali. "Ya nane si mchezo."

Mkuu aliafiki, boti ikaondoka. Haikuchukua muda, simu ikalia.

"Mama! Mbona hupokei?"

"Mtandao, mwanangu. Ndiyo kwanza umerudi." Nyuma yake mvua ilivuma. "Ule ubao..." Sauti ikamezwa na mikwaruzo, ikarudi. "...lakini usijali, ngazi naziona vizuri kabisa. Maji yamefika ya tisa."

Mkuu alishika kichwa.

"Usitoke nje, mama. Boti inakuja. Wewe nitajie namba tu, laini zinagombaniwa hapa."

"Nitoke niende wapi?" Mama alicheka, akakata simu.

Alipopiga tena alisema, "Ya saba."

Binti alimwuliza mara mbili. Saba, si tisa? Saba. Alihisi mabega yakimshuka, na machozi yakamlengalenga kwa furaha.

"Yanashuka?" Mkuu hakuamini. "Na mvua yote hii?"

"Mama yangu hajawahi kukosea kuhesabu."

Mkuu aliisogelea ramani, akaweka kidole. "Basi kingo zimepasuka huku juu, upande wa ng'ambo. Maji yamegeukia zahanati."

Zahanati ilikuwa bondeni, na wodi ya wazazi imejaa. Boti ilikuwa imekaribia daraja. Fundi aliinua kipaza sauti cha redio, akamtazama binti, safari hii bila utani.

Alitamani kusema wamchukue kwanza mama. Alitamani sana, hata midomo ikafunguka. Halafu akaona haya. Mto unashuka, mama yuko ghorofani kwake, watoto wachanga wanangoja, na yeye bado ni mtoto wa mama. Akakipokea kipaza sauti mwenyewe.

"Geuzeni boti. Nendeni zahanati."

Simu iliyofuata mama alisema, "Ya nne." Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi, "Hiyo boti imefika wapi?"

"Tumeipeleka zahanati, mama. Kuna wazazi na vichanga."

"Aa, hapo sawa. Wao kwanza. Mimi bado nina nafasi."

"Na hongera, mama. Namba zako zinatupa raha leo."

"Zinawapa raha?"

"Sana!"

"Haya," alisema polepole. "Nyie ndio wataalamu."

Mkuu alikaa, akavua viatu vilivyolowa. Fundi alisema sasa hata chai ingepita. Walikuwa wanabishana nani aipike pale redio ilipokwaruza. Alikuwa nahodha wa boti.

"Tumefika zahanati. Pakavu. Wauguzi wanatushangaa. Mlisema mafuriko yako wapi?"

"Pakavu?" Mkuu alisimama, kiatu kimoja mkononi. Alitazama ramani, akatazama dirisha, ambalo mvua ilikuwa inalipiga vilevile. "Sasa maji yote haya yameenda wapi?"

Simu ikalia. Binti aliiweka kwenye spika ili wote wasikie.

"Ya kwanza, mwanangu," alisema mama.

Fundi alipiga makofi. Mkuu hakupiga. Mama alingoja makofi yaishe, kama mtu anayepisha wakubwa wazungumze.

"Kandambili nilizoziacha hapo ngazini zimeshachukuliwa na maji," alisema. "Sasa niingie chumbani nifunge mlango, au nisubiri hapa hapa juu?"