Mji wa Mwisho wa Farao

Mukankusi alibonyeza kitufe, kastabini ya kushonea ikiwa bado kidoleni, na jeshi lote la Misri likatoka nje ya lango. Mjini hakubaki hata askari mmoja.

Tangu mwanawe alazwe hospitali, yeye ndiye aliyemlindia mchezo huo wa kompyuta hapo nyumbani Gahanga, akiacha cherehani kidogo na kucheza kama mwanawe alivyomwelekeza kwa simu. Leo simu ilichelewa, akajiamulia mwenyewe.

Maadui wakamiminika ndani. Kasri la Farao likashika moto.

Simu ikalia.

"Mama, wananipeleka upasuaji sasa. Misri iko?"

Moshi ulikuwa umefunika skrini nzima. Kastabini iligonga-gonga meza.

"Iko, mwanangu. Iko imara."

"Basi nitumie picha, niione kabla hawajanidunga sindano ya usingizi."