Kiti Kisichokalika

"Nataka kiti kisichokalika," Ghanim alisema.

Muuzaji alimtazama juu ya miwani. Jina lake Nura, binti wa hapo hapo mjini Muharraq, Bahrain, na duka zima la viti vya nje aliliendesha yeye. "Unataka kisichochakaa, kaka?"

"Kisichokalika. Mtu akikaa robo saa atamani kwenda kwake."

Nura alidhani anataniwa. Alipoona mteja hacheki, akampeleka nyuma ya duka, kwenye viti vya chuma vilivyotobolewa maua hadi kwenye mikono ya kuegemea, migongo yake imesimama wima kama askari wa zamu.

"Hivi havili kutu, havivunjiki. Miaka ishirini utavikuta vilevile. Ila kila anayevinunua hunirudishia. Jaribu mwenyewe."

Ghanim akajaribu. Aliinuka upesi. "Nipe vinne."

Njiani hakuthubutu kujitazama kwenye kioo cha gari. Viti vile vilikuwa vya wazee watatu, Bu Thani, Bu Shahin na Bu Faraj, marafiki wa marehemu baba yake. Tangu mzee afariki, mwaka sasa ulikuwa unakaribia, hawakukosa jioni hata moja. Wakishaswali alasiri tu, hao, barazani kwa Ghanim mpaka adhana ya magharibi. Wanywe kahawa yake, wale tende zake, wagombane kwa mchezo wa dhumna, wamuulize leo kazini kala nini. Na yeye alikuwa mtu asiye na mke wala mtoto, aliyeipenda nyumba yake ikiwa kimya. Kuwafukuza asingeweza, mtaa mzima ungemtemea mate. Ndipo alipofikiria viti.

Benchi la baba yake, pana, la mbao za msaji, lenye mito, alikuwa amekwisha kulipakia kwenye gari la mnunuzi wa vitu vya zamani.

"Mchwa," aliwaambia wazee walipofika. "Wamelila lote kwa ndani."

"Msaji ukaliwa na mchwa?" Bu Shahin aliuliza. Akamtazama kidogo. "Haya. Dunia imekwisha."

Wakakaa. Chuma kilikuwa kimeota jua tangu adhuhuri. Bu Thani alishtuka, kisha akatulia.

"Maridadi," akasema. "Vina maua."

Siku ya pili wakaja. Ya tatu wakaja. Bu Shahin alikuja na gazeti, akalikunja akalikalia. Bu Faraj alikaa ubavu huu, akahamia ule, kama samaki anayegeuzwa kaangoni. Lakini hata dakika moja hawakupunguza. Ghanim mwenyewe alikuwa akisimama, dele la kahawa mkononi, maana kile kiti cha nne hakukiweza.

"Havikuumizi, ami?" aliuliza siku moja, uso kautazamisha pembeni.

"Kiti ni kiti, mwanangu. Mimina kahawa."

Wiki ya tatu, adhana ilipolia, Bu Thani alishindwa kuinuka. Ghanim alimshika mikono akamvuta. Hapo mikono ya kanzu ikapanda, akayaona maua. Yalikuwa yamejichora kwenye ngozi ya mzee, mekundu, moja baada ya jingine, kutoka kiwikoni mpaka kwenye kifundo cha mkono. Bu Thani aliishusha kanzu haraka, kama mtu aliyefumaniwa akiiba.

Hilo ndilo lililomchoma Ghanim.

Asubuhi aliomba ruhusa kazini, akarudi dukani.

"Umevirudisha," Nura alisema. "Si nilikwambia?"

"Sasa nataka vinavyokalika."

Alichagua mpaka adhuhuri. Kiti kifupi alikikataa, goti la mzee lisingemwinua. Chembamba mikononi alikikataa, mzee ataegemea wapi akitaka kuinuka? Alibonyeza mito, akaimwagia maji aone kama yatakauka upesi, akaviweka viti juani kisha akavipapasa kwa kiganja. Kila kimoja alikikalia, akafumba macho, akajifanya ana miaka themanini.

"Kaka, viti hivi ni vya sultani?" Nura alicheka.

"Ni vya wazee wangu," alisema.

Alasiri ile wazee walikuta viti vya mbao, vipana, vyenye mito minene. Walikaa. Bu Faraj alifumba macho akashusha pumzi ndefu. Dhumna haikuguswa. Ghanim alisimama mbele yao, hajui aanzie wapi.

"Ami zangu, nina la kusema. Benchi halikuwa na mchwa. Nililitoa mwenyewe. Na vile vya chuma nilivichagua makusudi, viwachoshe, msije tena." Aliinamisha kichwa. "Nimewakosea, na nimemkosea baba yangu kaburini. Nionyeni mnavyotaka."

Alingoja matusi. Hayakuja. Alipoinua macho, Bu Shahin alikuwa anamtazama Bu Faraj, na Bu Faraj anamtazama Bu Thani. Hakuna aliyekasirika. Walikuwa kama watoto watatu waliokutwa na sukari mdomoni.

"Sema wewe," Bu Shahin alinong'ona.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ndiye mkubwa."

Bu Thani aliweka kikombe chini taratibu. "Baba yako, siku tatu kabla hajatutoka, alituapisha tukae nawe kila jioni kwa mwaka mmoja, upweke usije ukakuua," alisema, bila kumtazama. "Mwaka uliisha Jumanne iliyopita, mwanangu, na tangu siku hiyo tunategeana hapa kwa kuona haya, nani akwambie kwamba hatuji tena."